Jumatatu Wananilipa

Mpango wenyewe si mgumu kuueleza. Mtu anacheza kasino kwenye simu wiki nzima: ruleti, karata, au ile ndege inayopaa huku malipo yakiongezeka, mpaka inapotokomea na kuondoka na pesa za waliochelewa kubonyeza. Jumapili usiku kampuni inajumlisha alichoweka na alichoshinda. Kama yuko juu, hakuna kinachotokea. Kama yuko chini, Jumatatu asubuhi anapokea ujumbe kwamba sehemu ya hasara yake, tuseme asilimia 10, imerudishwa kwenye akaunti. Matangazo yanaiita bonasi ya marejesho. Vijana wa vijiweni wanaiita keshibeki.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, haiiti hivyo wala vile. Yeye husema, "Jumatatu wananilipa." Anaendesha bodaboda Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, ile iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Abiria wake wengi anawapeleka Iguguno, kwenye barabara kuu iendayo Nzega, wakapande mabasi. Hakuna kasino ya meza na taa pale Nduguti. Iko mfukoni mwake, karibu na ufunguo wa pikipiki, na akiba yake ni ileile ya pesa za simu anayolipiwa na abiria.

Aliniuliza hivi: "Dada, wewe si ndiye mtu wa hesabu? Hizi pesa wanazorudisha, mtu mwenye akili anatakiwa azitumie vipi?"

Ninasoma shahada ya uzamili ya takwimu, kwa hiyo hakukosea mtu. Lakini ndani ya swali lake kulikuwa na jingine lisilo la takwimu. Ukiulizwa namna ya kutumia vizuri kitu ambacho unaamini kimetengenezwa kisitumike vizuri, unajibu nini? Kukataa kujibu ni kumfanya mtoto, naye ana miaka 26 na watu wanaokula kupitia mikono yake. Kumhubiria si kazi iliyobaki wazi; shangazi anaifanya kila jioni, na mchungaji anamsaidia Jumapili. Na kumpa hesabu sahihi kunaweza kuwa ndiko kumshika mkono na kumwingiza ndani zaidi, sasa akiwa na baraka za msomi wa ukoo.

Nilichagua hesabu. Niliona kwamba mtu mzima aliyeuliza swali la kweli anadaiwa jibu la kweli, hata kama jibu hilo litatumika vibaya. Bado naamini hivyo, ingawa si kwa urahisi nilioanza nao.

Chukua ruleti, maana hesabu yake iko wazi kuliko ya michezo mingine. Gurudumu la Kiulaya lina nafasi 37: nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri moja ya kijani. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye nyekundu, nafasi 18 zinakupa 1,000 nyingine na nafasi 19 zinakunyang'anya yako. Tofauti hiyo ya nafasi moja ndiyo mshahara wa nyumba. Kwa wastani, kila 1,000 unayoweka inaiachia kampuni shilingi 27. Haionekani kuwa nyingi, na ndiyo maana watu hawaioni.

Sasa ongeza marejesho ya asilimia 10. Ukiweka dau moja tu kwa wiki nzima, shilingi 1,000 kwenye nyekundu, kisha ukazima simu, kampuni inatarajia kukuchukulia 27. Lakini ukipoteza, jambo ambalo litatokea mara 19 kati ya 37, itakurudishia 100. Wastani wa rejesho hilo ni shilingi 51. Toa 27, unabaki na 24. Nilirudia hesabu mara mbili kwa sababu sikutarajia alama ya kujumlisha mwishoni: mtu anayecheza mara moja kwa wiki, chini ya masharti hayo, anaishinda kasino.

Kisha nikajaribu madau mawili. Hapo hasara inayotarajiwa ni shilingi 54. Rejesho linakuja tu ukipoteza yote mawili, kwa sababu ukishinda moja na kupoteza moja umetoka sare, na sare hairejeshewi kitu. Wastani wake ni kama 53. Umekwisha kupita upande wa kampuni, kwa zaidi kidogo ya shilingi moja. Ukifika madau 100 kwa wiki, ambayo kwenye simu ni kazi ya kusubiri abiria mmoja, hasara inayotarajiwa ni kama 2,700 na rejesho ni kama 550. Zaidi ya 2,000 zimebaki kwao.

Jibu la swali la binamu yangu basi lipo, tena ni fupi: weka dau moja kwa wiki, halafu ondoka mpaka wiki ijayo. Faida yake ni shilingi 24, ambayo haifiki robo ya bei ya kiberiti.

Kuna mtu aliyewahi kulitumia jibu hili kwa pesa kubwa. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2010 na mapema mwaka 2011, huko Atlantic City nchini Marekani, mchezaji mmoja aitwaye Don Johnson alizichukulia kasino tatu jumla ya takriban dola milioni 15 katika mchezo wa karata wa blackjack. Hakuiba wala hakuhesabu karata. Biashara ilikuwa mbaya mjini hapo, kasino zilikuwa zinawania wateja wakubwa, naye akajadiliana nazo: sheria za meza zilegezwe kidogo, na akipoteza dola 500,000 arudishiwe asilimia 20. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kukokotoa madau ya mbio za farasi kwa kutumia kompyuta, kwa hiyo alijua alichokuwa akiomba. Nguvu ya makubaliano hayo ilikuwa katika uhuru wa kusimama: akifika kwenye hasara hiyo anainuka, analipa 400,000, anakwenda kulala. Wenye kasino walipoelewa, mlango ulifungwa.

Huyo ndiye mtumiaji wa busara wa marejesho. Na masharti ya bonasi za simuni, ukiyasoma kwa utulivu, ni kama yameandikwa na mtu anayemwogopa yeye. Rejesho lina kiwango cha chini, kwa hiyo mwenye dau moja la 1,000 hapati kitu. Lina kiwango cha juu, kwa hiyo mwenye dau moja kubwa hapati cha maana. Mara nyingi haliji kama pesa bali kama salio la bonasi, ambalo huwezi kulitoa mpaka ulizungushe mara kadhaa. Chukua bonasi ya shilingi 5,000 yenye sharti la kuzungushwa mara 40: ni kuweka madau ya jumla ya 200,000. Kwenye mchezo unaobakiza asilimia 3, na ile ndege ya kampuni ya Spribe inatangazwa kurudisha asilimia 97, kutimiza sharti hilo kunagharimu wastani wa 6,000. Usipoongeza yako, bonasi itaishia njiani. Ukiongeza, umenunua 5,000 kwa 6,000. Juu ya hayo kuna muda wa mwisho, ili usipate nafasi ya kufikiri hadi Ijumaa.

Mwenye kuweka tangazo hilo huandika chini yake, kwa herufi ndogo, wito wa kucheza kistaarabu. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inaruhusu biashara hii chini ya Bodi yake na kuwakataza walio chini ya miaka 18, na mimi si miongoni mwa wanaodhani kila kinachodhuru lazima kipigwe marufuku. Ila kuna kitu kinanikera katika kumwambia mtu awe na busara wakati masharti ya ukurasa huohuo yamekwisha kuichuja busara nje.

Nilimpa binamu yangu hesabu zote hizi, pamoja na lile dau moja la wiki. Alisikiliza vizuri, maana ni mtu makini, anajua lita moja ya petroli inampeleka wapi na inamrudisha na nini. Halafu akacheka.

"Sasa dada, hapo raha iko wapi?"

Nilikuwa nimejibu swali la mtu anayetafuta faida, kumbe yeye alikuwa anauliza swali la mtu anayetafuta raha isiyomuumiza sana. Na raha si jambo la kudharau. Kijana anayekaa juu ya pikipiki tangu saa kumi na mbili asubuhi, jua la Singida likimpiga kisogoni, ana haki ya dakika ambazo moyo wake unadunda kwa sababu nyingine isiyo lori linalomjia upande wake. Mimi na wenzangu darasani tunaweza kuthibitisha sheria ya namba kubwa ubaoni, na bado Jumamosi utasikia nani mkeka wake umechanika kwa timu moja. Elimu haijamzuia mtu kupenda kungoja matokeo.

Kama ni raha, basi tuizungumze kama raha, kwa bei yake. Na hapa ndipo neno lake, "wananilipa", lilipoanza kunisumbua. Nilimwuliza wanamlipa kiasi gani. Alijibu bila kufikiri: wiki iliyopita 6,000, iliyotangulia 4,500, kuna wiki nzuri walimpa 8,000. Wiki nzuri. Nilimwuliza alikuwa amepoteza kiasi gani katika wiki hizo. Hapo akaanza kukadiria, akatazama barabarani, akasema inategemea. Alikumbuka rejesho hadi mia ya mwisho, na hasara iliyolizaa ilikuwa ukungu.

Kiswahili kina majina mengi ya kitu kinachotoka mkononi mwa mwingine kuja kwako: zawadi, chenji, fidia, mshahara, rushwa, chambo. Kila jina linakuja na adabu yake. Ukipewa zawadi unashukuru. Ukipewa chenji unahesabu. Ukipewa fidia unauliza nani alikosa. Rejesho la Jumatatu kwa hesabu ni chenji, tena chenji ya pesa yako mwenyewe, lakini linapokelewa kwa adabu ya mshahara. Mtu aliyepoteza 60,000 anaianza wiki akiwa na hisia kwamba ameingiza 6,000. Na kwa kuwa mshahara hutoka kwa mwajiri, kuacha kucheza kunaanza kufanana na kuacha kazi.

Mkoa wa Singida unajua mchezo wa namna hii kwa jina jingine. Mkulima wa vitunguu anauza kwa gunia, na mnunuzi anataka gunia lisiishie mdomoni: linashonewa kilemba juu, vitunguu vinapanda mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega. Ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo huipigia kelele, lakini wakulima wanaifahamu vizuri kuliko wanavyomfahamu mkaguzi. Ziada ile haitoki hewani. Mtu fulani aliipalilia na kuimwagilia. Uzuri wa lumbesa, kama ina uzuri, ni kwamba mkulima anajua fika ni nani anayelipia kilemba, ndiyo maana analalamika. Bonasi ya marejesho imefaulu pale lumbesa iliposhindwa: aliyejaza kilemba ndiye anayekipokea akisema asante.

Mtu anaweza kuniambia kwamba tatizo ni kamari yenyewe, si bonasi, na kwamba ninahangaika na manyoya wakati kuku yuko bandani. Huenda. Lakini katika wilaya hiyohiyo ya Mkalama, upande wa Munguli, kuna jamii ya Wahadzabe, na kwao kumeandikwa kamari inayonifanya nisikubali haraka. Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliieleza katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii za usawa. Mchezo unaitwa lukuchuko. Vipande bapa vya ganda la mti vinarushwa dhidi ya shina, na namna vinavyoanguka ndiyo inayoamua. Wanaume walikuwa wakicheza kwa saa nyingi, hasa kiangazi, na walipoteza vitu vya maana: mishale ya sumu, visu, shoka, shanga, kiko cha jiwe.

Mambo mawili katika maelezo yake nimekuwa nikiyarudia. La kwanza ni kwamba mshindi hakuachwa aondoke na ushindi wake kwa amani. Alishinikizwa aendelee kucheza, na kwa kuwa ni bahati tupu, vitu vilizunguka. Kiko kilichochongwa upande mmoja wa nchi yao kilifika upande wa pili bila mtu kukinunua wala kukiomba. Huo nao ni mfumo wa marejesho, lakini kinachorudi kinatoka kwa aliyekichukua, ambaye kesho mtakutana kwenye mti uleule, na hakuna wa tatu aliyekaa pembeni akikata nafasi moja katika kila 37.

La pili linanigusa zaidi. Kulikuwa na vitu ambavyo havikuwekwa dau kabisa: upinde wa mtu, mishale yake isiyo na sumu, na mkoba wake wa ngozi. Hata apoteze kila kitu, ataamka asubuhi akiwa na kitu cha kumtafutia mlo. Na haikutegemea ujasiri wa mtu mmoja mmoja saa ambayo damu imechemka. Ilikuwa ndani ya mchezo wenyewe. Hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake acheze kistaarabu.

Sisemi turudi porini, na sidhani Wahadzabe wanahitaji mimi niwageuze kuwa somo la maadili kwa watu wa mjini. Ninachosema ni kwamba ile kamari ilikuwa na mstari, na mstari huo ulichorwa na watu wote waliokuwa wakicheza. Kwenye simu ya binamu yangu, salio la kucheza na salio la maisha ni namba moja. Upinde wake uko humo humo.

Kwa sababu pikipiki si yake bado. Iko kwenye mkataba: kila wiki anampelekea mwenye chombo pesa ya hesabu, na wiki zikitimia kadi inaandikwa jina lake. Akichelewesha hesabu mara kadhaa, chombo kinachukuliwa na alicholipa kinabaki hadithi. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za jirani, na nikajua tumefika kwenye jambo lenyewe, bila yeye kulisema na bila mimi kumlazimisha.

Nilimwambia mambo mawili, na yote nilijitahidi kuyasema kama mtu anayejibu, si kama shangazi. Moja, pesa ya hesabu isilale kwenye simu yake hata usiku mmoja. Ikitoka kwa abiria iende kwa mwenye chombo siku hiyohiyo, hata ikiwa vipande vipande. Hilo alilikubali, akasema hata mwenye chombo angefurahi.

La pili ndilo jibu langu la kweli kwa swali lake la mwanzo, na halihusu kuzitumia zile pesa hata kidogo. Ujumbe wa Jumatatu ndiyo taarifa pekee ya hasara ambayo kampuni inakutumia bila kuiomba. Wanaiandika kwa maneno ya pongezi, lakini ni risiti. Uisome kama risiti. Marejesho yakiwa asilimia 10, ongeza sifuri moja: ukiona 6,000, andika 60,000. Usiandike ulicholipwa, andika ulichonunulia raha wiki hiyo, kwenye daftari la pikipiki, chini ya petroli na oili. Baada ya hapo, kama bei hiyo inakufaa, ni pesa yako na ni wiki yako. Sitasema neno.

Alinitazama kidogo, akatoa simu, akaanza kuongeza sifuri kwenye jumbe za nyuma, moja baada ya nyingine. Alifika ya tano akaacha.

Tukakubaliana atakuwa ananitumia ile namba yenye sifuri, si kwa ajili ya kuripoti, bali kwa sababu kuitamka kwa mtu ni tofauti na kuiwaza. Jumatatu ya kwanza alituma 55,000 bila salamu. Ya pili alituma 30,000 na kikaragosi kinachocheka. Ya tatu hakutuma kitu. Rejesho haliji kwa aliyeacha kucheza, na haliji pia kwa aliyeshinda, kwa hiyo ukimya huo ungeweza kuwa habari mbili zilizo kinyume kabisa, au ya tatu, kwamba namba ilikuwepo na hakutaka niione. Nilimpigia jioni tukazungumza habari za mvua na bei ya alizeti, na sikumwuliza.